Kabla hujailaumu kadi: kuharakisha mtandao kwenye kompyuta ya zamani

Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ilala alinipigia simu. Kompyuta yake ya hesabu ilikuwa inawaka siku moja na kugoma siku mbili. "Fundi, mule ndani kuna madeni ya watu ya miaka kumi na mitano. Ikifa hiyo, nimekufa nayo." Nikaenda. Nikakuta kompyuta ya prosesa ya 486 DX2 ya megahezi 66, RAM megabaiti 8, mfumo endeshi wa DOS 6.22, na kwenye diski mafaili ya kama megabaiti 380. Flopi moja inabeba 1.44, kwa hiyo ni flopi 264, na hapo umejaalia kwamba hakuna itakayogoma. Nikajaribu kuichomoa diski niisome kwa adapta ya USB. Adapta ikaikataa, maana diski za umri ule nyingi hazijui LBA, ile njia ya kuita kila kipande cha diski kwa namba yake, na adapta hizi hazina njia nyingine ya kuongea nazo.

Ikabaki njia ya mtandao. Nikatoa kwenye sanduku langu kadi ya mtandao ya 3Com EtherLink III, ile 3C509B, nikaichomeka, nikaweka waya hadi kwenye swichi ndogo na laptopu yangu ya Linux upande wa pili. Ping, ile paketi ndogo ya kuuliza kama upande wa pili upo, ikajibu safi, bila kupoteza hata paketi moja. Nikaanza kuhamisha: kilobaiti 38 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ni karibu saa tatu, kwenye mashine ambayo haina uhakika wa dakika ishirini zijazo.

Mzee akanitazama. "Hiyo kadi yako ni kuukuu mno." Kwa aibu nikaichomoa, nikaweka pacha wake. Yale yale, kilobaiti 38.

Kadi zote mbili zilikuwa nzima. Kosa nitalieleza mbele, ila tangu siku ile nina utaratibu wangu: naipima njia kipande kwa kipande, na kadi ndiyo ya mwisho kuhukumiwa. Nimeuandika hapa kwa anayehangaika na 386, 486 au Pentium ya kwanza.

Kwanza ujue dari iko wapi

Mtu akiniambia mtandao wake unaenda polepole, namuuliza: polepole kuliko nini? Kadi ya kawaida ya ISA, zile sloti za kizamani za kuchomekea kadi, ni ya megabiti 10. Gawanya kwa 8, unapata baiti 1,250,000 kwa sekunde kwenye waya. Si zote zako. Paketi kubwa kabisa ya Etheneti inachukua nafasi ya baiti 1,538 kwenye waya ukijumlisha vichwa, mlio wa kuanzia na pengo kati ya paketi na paketi, na ndani yake data yako ya TCP (itifaki inayohakikisha kila kipande kimefika) ni 1,460 tu. Kwa hiyo dari ni kama baiti 1,187,000 kwa sekunde. Anayekwambia amepata megabaiti 2 kwa sekunde kwenye kadi ya megabiti 10 amepima kitu kingine, na mara nyingi amepima kashe ya diski.

Sasa chini ya dari hiyo kuna mashine yenyewe. Sloti ya ISA inaenda kwa megahezi 8 na kitu, biti 16 kwa mpigo, na kwa vitendo unaambulia megabaiti mbili tatu kwa sekunde. Inaonekana inatosha. Tatizo ni kwamba kadi ya ISA kama NE2000 au 3C509 haiandiki yenyewe kwenye RAM. Prosesa ndiyo inayochota kila neno kutoka kwenye kadi, inalimwaga kwenye RAM, halafu TCP inapita tena baiti kwa baiti kupiga hesabu ya uhakiki, halafu prosesa ileile inachota tena kupeleka kwenye diski, na kwenye mashine nyingi diski nayo iko kwenye ISA hiyohiyo. Ni mtu mmoja anachota kisimani, anajaza pipa, kisha anabeba kutoka kwenye pipa kupeleka jikoni. Ukimnunulia ndoo mpya hujamwongezea mikono.

Ndiyo maana 486 yenye kadi nzuri ya ISA ikikupa kilobaiti 700 hadi 900 bila kugusa diski, shukuru. Pentium yenye kadi ya PCI (sloti iliyokuja baada ya ISA) itaigonga dari ya megabiti 10 bila jasho. XT ya 8088, kizazi cha kabla ya 286 na 386, itakupa makumi ya kilobaiti, na hakuna kadi itakayoiokoa.

Waya, swichi, na kosa langu

Nilipoanza kazi, kwenye intaneti kafe moja ya mjini, bado tulikuwa na waya wa koaksia, RG-58, wenye zile T nyuma ya kila mashine na kizibo cha ohm 50 kila mwisho. Mteja akinyoosha miguu akapiga kizibo, kafe nzima inakatika na watu kumi wanageuka kukutazama wewe. Kama bado unacheza na waya ule, chukua multimita, zima mashine zote, pima kati ya pini ya katikati na ganda kwenye T yoyote iliyo wazi: vizibo viwili vikiwa vizima unasoma kama ohm 25. Ukisoma 50, kimoja kimekufa au waya umekatika mahali.

Kwa waya wa siku hizi wa RJ45 hakuna cha kupima sana, Cat5e yoyote inaibeba megabiti 10 akiwa amelala. Angalia mambo mawili tu. La kwanza, swichi mpya za gigabiti 2.5 nyingi hazishuki hadi megabiti 10. Taa haiwaki kabisa na unaanza kuilaumu kadi. Weka katikati swichi kuukuu ya 10/100, zile za plastiki zenye milango mitano. La pili ndilo lililoniumbua mbele ya mzee.

Kadi ya 3C509B ina uwezo wa dupleksi kamili, yaani kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Ndani ya programu yake ya kuisanidi kuna kipengele cha kuwasha jambo hilo. Mwaka mmoja nyuma, nikiwa nyumbani na kadi zangu mbili na muda mwingi, niliwasha kipengele hicho kwenye zote mbili. Nilifikiri: kamili si bora kuliko nusu?

Kumbe kadi ile haijui kupatana na swichi. Inatuma mipigo ya kawaida tu ya "nipo hapa". Swichi ya kisasa inajaribu kuongea nayo, haijibiwi, inatambua kwamba mwendo ni megabiti 10, na kwa kanuni inalazimika kudhani ni nusu dupleksi, yaani wa kupokezana. Basi kadi inasema wakati wowote inapotaka, swichi inatarajia zamu. Swichi inapotuma na kadi nayo ikafungua mdomo, swichi inahesabu ni mgongano na paketi ya kadi inaharibika. Kadi haijui. Kwake yeye hakuna kitu kinachoitwa mgongano, kwa hiyo hairudii. TCP ndiyo inayogundua baadaye kwamba kipande hakijafika, inasubiri, inatuma upya, na muda wote unaishia kwenye kusubiri huko. Ping haioni chochote kwa sababu ping ni paketi moja kwenda, moja kurudi, hakuna wa kugongana naye.

Ishara yake ukiikumbuka itakuokoa siku nzima: ping safi, uhamishaji mbovu. Ukiona hivyo, usiguse kitu kingine kabla ya kuangalia dupleksi.

Dawa: wekea kadi nusu dupleksi. Zima mashine, iwashe bila draiva yoyote ya mtandao (kwenye DOS 6 bonyeza F5 maandishi ya "Starting MS-DOS" yanapotokea), kisha endesha

3C5X9CFG

Zima dupleksi kamili. Hapohapo, kwenye aina ya waya, chagua 10BASE-T moja kwa moja. Mimi siipendi ile hali ya kujichagulia. Kadi za COMBO zina matundu matatu, na nimeshaona moja iking'ang'ania tundu la koaksia ambalo halina kitu. Zima pia Plug and Play (kadi kupangiwa anwani na mashine yenyewe), utanishukuru ukifika kwenye anwani. Kuna na kipengele cha kuuliza modemu yako ina mwendo gani: kama huna modemu, sema huna. Kipo kwa sababu draiva inayoshika prosesa muda mrefu ikihamisha paketi huifanya bandari ya modemu ipoteze herufi, kwa hiyo kadi hujizuia kidogo ikiambiwa modemu ipo. Hifadhi, zima, washa.

Pale Ilala badiliko hilo peke yake lilitutoa kilobaiti 38 hadi karibu 300.

Anwani na IRQ

Anwani ni mahali prosesa inapoikuta kadi, IRQ ni kengele ya kadi kuiita prosesa. Hapa nitapita haraka, ila mitego mitatu ya NE2000 na ndugu zake wa RTL8019 lazima niitaje. Kadi hizo zinachukua anwani 32 kuanzia pale ulipoziweka. Ukiiweka 300h (hiyo h ni heksadesimali) inafika 31Fh, salama. Ukiiweka 320h inafika 33Fh, na katikati yake 330h ndipo MIDI ya kadi nyingi za sauti inapokaa. Ukiiweka 360h inafika 37Fh, umekanyaga printa iliyoko 378h. Mashine itawaka, mtandao utafanya kazi, na siku mtu anapochapa risiti kila kitu kinaganda.

Kwa IRQ, NE2000 nyingi zinatoka kiwandani na IRQ 3, ambayo ni ya COM2, bandari ya pili ya modemu au maus. Ihamishe. Mimi naweka 300h na IRQ 10 karibu kila mashine, maana 5 ni ya sauti, 7 ya printa, 4 ya maus. Sloti fupi ya biti 8 haina IRQ 10, huko itabidi ubaki 3 au 5 na uzime mwenzake. Kama mazabodi ina BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya DOS kuwaka) yenye ukurasa wa PnP, yaani Plug and Play, iambie IRQ 10 ni ya ISA ya kizamani, isije ikampa mgeni wa PCI.

Na safisha miguu ya kadi kwa raba ya penseli. Raba nyeupe laini, si ile ya bluu inayokwangua.

Draiva na mTCP

Kwenye DOS situmii kitu kingine zaidi ya draiva ya paketi (programu inayoiendesha kadi) pamoja na mTCP, programu za bure za mtandao alizoandika Michael Brutman. Ni ndogo, zinaendeshwa hata kwenye XT, na bado zina mwenyewe anayezitunza. Kwa 3Com:

3C5X9PD 0x60

Kwa NE2000:

NE2000 0x60 10 0x300

Hiyo 0x60 ni mlango wa programu, 10 ni IRQ, 0x300 ni anwani. Kisha faili la mipangilio, tuseme C:\MTCP\TCP.CFG:

PACKETINT 0x60
HOSTNAME DUKA
MTU 1500

Na kwenye AUTOEXEC.BAT:

SET MTCPCFG=C:\MTCP\TCP.CFG

Endesha DHCP, programu inayoomba anwani ya mtandao, na yaliyobaki itayaandika yenyewe.

Ule mstari wa MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi, ndio watu wanauruka. Usipouandika, mTCP inatumia 576, kipimo cha tahadhari cha enzi za laini mbovu. Kwenye waya hasara yake si kubwa: dari inashuka kutoka baiti 1,187,000 hadi kama 1,090,000. Hasara iko kwa prosesa. Kujaza waya kwa paketi za 1,500 ni kama paketi 813 kwa sekunde. Kwa paketi za 576 ni zaidi ya 2,000. Kila paketi ni mlango kugongwa, prosesa kuacha kazi, kusoma vichwa, kupanga, kurudi. Kwenye 386 tofauti unaiona kwa macho.

Pima bila diski, kisha pima na diski

Kijana wangu wa karakana alikuwa na tabia ya kukopi faili moja kubwa, kuangalia saa, na kutangaza "kadi hii mbovu". Nikamwambia: dogo, umepima vitu vinne kwa pamoja. Hujui aliyechelewa ni nani.

Ndani ya mTCP kuna programu inaitwa SPDTEST. Inatuma au kupokea data ya TCP bila kugusa diski hata kidogo; upande wa pili unaweka netcat (programu ya kutuma na kupokea data ghafi) kwenye Linux ikimwaga au ikimeza. Iendeshe bila kuandika kitu mbele yake itakuonyesha namna inavyotaka kuitwa. Pima kutuma, pima kupokea, andika namba zote mbili kwenye karatasi. Mara nyingi hazilingani, na hiyo yenyewe ni habari.

Kisha hamisha faili lilelile kwa FTP (itifaki ya kuhamisha mafaili) kwenda kwenye RAMDRIVE (diski ya kuigiza ndani ya RAM), kama una RAM ya kutosha, halafu kwenye diski. Pengo kati ya SPDTEST na RAMDRIVE ni gharama ya FTP na DOS. Pengo kati ya RAMDRIVE na diski ni diski. Kwa mzee, baada ya kurekebisha dupleksi, SPDTEST ilisoma kilobaiti 760 na FTP kutoka diskini kama 300. Kufikia hapo ungenipa kadi mpya kabisa kutoka kiwandani isingenisaidia. Diski ndiyo iliyokuwa imekaa katikati ya mlango.

SMARTDRV, kashe ya DOS inayoweka data ya diski kwenye RAM, inasaidia, hasa kusoma mafaili mengi madogo, na duka la mzee lilikuwa na maelfu ya hayo. Kwa kuandika, kuwa makini: inaweza kukuambia imemaliza wakati data bado iko kwenye RAM, na hapo namba ya mwendo inakuwa ya uongo. Na kwa umeme wetu huu, ukikatika hapo umepoteza. Kabla ya kuzima mashine, daima:

SMARTDRV /C

usubiri taa ya diski itulie.

Dakika tano ndani ya BIOS

Hii watu wengi hawaijui, na haigharimu kitu. Kwenye BIOS nyingi za Award za 486 na Pentium, ukurasa wa mipangilio ya chipseti una mistari miwili ya "I/O Recovery Time", mmoja wa biti 8, mmoja wa biti 16. Ni muda ambao mazabodi inaipa kadi ya ISA kupumua kati ya safari moja na nyingine. Kadi ya mtandao ya aina tunayoizungumza inasafirisha paketi moja kwa safari mamia na mamia, kwa hiyo pumzi moja ya ziada inarudiwa mara zote hizo. Mazabodi ya mzee ilikuwa imewekwa 4 kwa biti 16. Nikaiteremsha hadi 1. SPDTEST ikapanda kutoka 760 hadi 880.

Angalia pia mgawanyo wa saa ya ISA. Unataka ifike kama megahezi 8.33, yaani saa ya basi ya megahezi 33 ukiigawa kwa 4. Ikiwa imegawanywa kwa 6, unaenda megahezi 5.5 na hujui. Ukiipandisha kupita 8.33 baadhi ya kadi zitavumilia, na diski ya IDE iliyo kwenye ISA hiyohiyo inaweza kuanza kuandika takataka. Sijawahi kuona faida inayolingana na hatari hiyo. Badilisha kitu kimoja, pima, ndipo ubadilishe kingine.

Kadi inapozidiwa

Kuna hali moja ya kuchekesha: kupokea kuna kasi ndogo kuliko kutuma, na ukipunguza kitu mwendo unaongezeka. NE2000 ina kumbukumbu ya kilobaiti 16 juu ya kadi. 3C509 ina kilobaiti chache tu. Ilitengenezwa kwa imani kwamba draiva itaanza kuichota paketi kabla hata haijamaliza kuingia. Kwenye mashine ya haraka imani hiyo ni kweli na kadi inaruka. Kwenye 286 au 386 iliyo na kazi nyingine, laptopu yako ya gigabiti inatupa paketi kumi mfululizo, swichi inazipanga na kuzimimina bila pumzi, kadi inajaa, zinazofuata zinaanguka, na TCP inaanza tena mchezo wa kusubiri.

Dawa si kadi ya haraka zaidi. Punguza bafa ya TCP kwenye mpangilio wa FTP wa mTCP, ili mtumaji asiruhusiwe kuwa na paketi nyingi hewani. Jaribu 8192, jaribu 4096, pima kila mara. Au weka NE2000 badala ya 3Com. Nakiri kwamba kwa miaka mingi niliidharau NE2000 kama kadi ya bei chee, na kwenye 386 yangu ya nyumbani ndiyo iliyoshinda.

Ukiwa na PCI na Windows 98

Hapa hadithi inageuka. PCI ya kawaida ina megabaiti 133 kwa sekunde za kugawana, na kadi nzuri inaandika yenyewe kwenye RAM huku prosesa ikifanya mengine. Tafuta 3C905B au 3C905C, au Intel PRO/100. Zimejaa kwenye maboksi ya mitumba, na muuzaji atakupa kwa bei ya soda kwa sababu anadhani ni takataka.

Epuka Realtek 8139 kama una cha kuchagua. Ni ya megabiti 100 na inafanya kazi, lakini inapokea paketi zote kwenye bafa moja ya duara, kwa hiyo draiva inalazimika kukopi kila paketi kuitoa humo, na mikono ya prosesa inarudi kisimani. Bill Paul, aliyeiandikia draiva ya FreeBSD, aliikejeli kadi hii waziwazi ndani ya msimbo wenyewe. Kwenye Pentium III hutahisi chochote. Kwenye Pentium 133 utahisi.

Mambo mawili ya Windows 98. Fungua Device Manager, nenda kwenye diski, tafuta kisanduku cha DMA, kiweke alama, washa upya. Bila hicho, diski inamrudisha prosesa kubeba ndoo na kadi yako nzuri inamsubiri. Pili, ondoa itifaki usizotumia. Mashine nyingi zilizopita mikononi mwa mafundi kama mimi zina NetBEUI na IPX juu ya TCP/IP bila sababu.

Zile "siri" za kubadilisha DefaultRcvWindow kwenye rejista, ziache kama unahamisha ndani ya nyumba. Windows 98 inaruhusu kama kilobaiti 8 ziwe njiani kabla ya kungoja jibu. Kwenye waya wa ndani jibu linarudi kabla hata milisekunde moja haijaisha, kwa hiyo hiyo si kizuizi. Inakuwa kizuizi kwa safari ndefu. Wakati tunatumia setilaiti, kwenda na kurudi kulikuwa milisekunde 600 kirahisi: kilobaiti 8 kwa kila sekunde 0.6 ni kama kilobaiti 13 kwa sekunde, hata ungekuwa na laini nene kiasi gani. Pale kafe tuliilaumu kampuni ya laini miaka nenda rudi, wakati sehemu ya kosa ilikuwa ndani ya mashine zetu. Tangu kebo ya SEACOM itue Dar na Mombasa mwaka 2009 muda wa safari umeshuka sana, ila bado ukiwa na Windows 98 na faili liko Ulaya, kuipandisha hadi 32768 kuna maana. Ingawa sijui kwa nini umeiweka Windows 98 kwenye intaneti bila ukuta wa moto. Usifanye hivyo.

Na ukitaka kushirikisha mafolda na Windows mpya, utagonga mwamba: tangu Windows 10 toleo la 1709, SMB1, itifaki ya zamani ya kushirikisha mafaili, haiwekwi tena kikamilifu kwa kawaida. Usiiwashe. Weka FTP kwenye mashine moja ndogo ya Linux, iwe ndiyo daraja.

Pale Ilala

Baada ya dupleksi, MTU, BIOS na SMARTDRV, niliwasha FTPSRV ya mTCP kwenye 486 na kuvuta folda zote kwa lftp nikiwa kwenye laptopu, maana ukivuta kutoka upande huo inabeba na mafolda ya ndani yenyewe. Ilitulia kwenye kilobaiti 410. Dakika kumi na tano na ushei. Mzee alikuwa ameagiza chai, ikaja, na kabla hajamaliza kikombe kazi ilikuwa imekwisha. Nikapiga DIR /S kwenye 486, nikalinganisha idadi ya mafaili na jumla ya baiti na zilizoko kwenye laptopu. Zikalingana.

Nikafungua faili la madeni, lilikuwa la DBF (aina ya zamani ya hifadhidata), LibreOffice ikalisoma bila kulalamika. Mzee akasogeza kiti.

"Nitafutie yule wa mifuko arobaini ya saruji."

Nikamtafuta. "Yumo, mzee."

"Na namba yake ya simu?"

"Nayo imo, ila ni ya mezani."

Akacheka, akachukua karatasi akaiandika hivyohivyo.